Kibao cha Bryn Cudyll

Langoni, pale njia ya baiskeli inapoachana na lami,
pametundikwa bamba la jiwe jeusi
lililookotwa katika machimbo yaliyofungwa kabla hatujazaliwa.
Kipande cha chaki kimefungwa kwa kamba ya kiatu.
Atokaye mlimani huandika, aendaye husoma.
Sheria hiyo hakuna aliyeipitisha.

Oktoba. Mabli, muuguzi wa zamu ya usiku,
hupanda alfajiri na taa kichwani:
"Mizizi chini ya daraja ni kambare waliopakwa sabuni.
Shukeni. Kusukuma si aibu."
Gethin huandika namba tupu: upepo wa tairi,
nyuzi za baridi, kondoo wangapi wamelala konani.
Nami, ambaye breki zangu hulia kama nguruwe mnadani,
huandika nilipoangukia,
ili mwingine atafute pake.

Idwal huandika neno moja: Kavu.
Mvua ya wiki tatu: Kavu.
(Mvua ya Welisi haihesabiwi kwa siku,
huhesabiwa kwa soksi.)
Tulijifunza kumsoma kama saa mbovu:
ukishajua inavyokosea, unaanzia hapo.

Novemba sindano za misonobari zilimwagika,
njia ikawa ya dhahabu, na ya hila.
Desemba jalidi iligandisha tope. Siku nne
tulipita juu ya makovu ya tairi zetu wenyewe,
magumu kama reli:
yakikushika, unakwenda yatakako.
Siku ya tano yakayeyuka.
Mabli akaandika kwa herufi kubwa:
MLIMA UNAUMWA. UACHENI.

Tukauacha. Wiki sita
baiskeli zilining'inia ukutani zikinuka mafuta mapya,
nasi tukipita langoni kwa gari, polepole,
kama mtu apitaye nyumba ya mchumba aliyemnunia.

Idwal hakuuacha.
Alipanda peke yake Januari, akashuka
na mtulinga wa kulia umevunjika vipande viwili.
Kibaoni tulikuta mwandiko wa mkono wa kushoto, umepinda:
Kav
bila u.

Kisha akaanza kwenda kwa miguu,
mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cha maua cha mkewe.
Na akaandika, ee, akaandika!
"Chemchemi imehama hatua tisa, sasa iko njiani. Majembe.
Mti mkubwa umelala baada ya kona ya pili.
Msiukate bado, vyura wanavuka chini yake, subirini wiki.
Mawe kumi na moja yamelegea.
Najua kwa sababu nimeyakalia, moja moja."
Bamba likajaa hadi pembeni.
Gethin akakosa pa kuweka namba zake,
akaziandika kiganjani, akaenda nazo nyumbani.
Miaka minane nimeteremka mlima ule,
sikujua kama una vyura.

Jumapili ya mwisho ya Machi tulikwenda na majembe
na msumeno wa baba yake Mabli.
Idwal alikaa juu ya gogo,
akituelekeza kwa mkono mzima, hapana, kushoto, hapana.
Tukachimba mfereji. Maji yakasita,
yakaunusa, yakageuka.
Ya Januari hakuna aliyeyataja.
Mimi nilitaka. Nikala mkate wangu.

Juni. Kangaga zimefika begani,
zinakupiga makofi ukipita.
Asubuhi nimekuta neno moja tu kibaoni, mkono wa kulia:
Kavu.
Nikainama, nikaigusa njia.
Vumbi likabaki kidoleni, laini, la kijivu, kama unga wa ulezi.
Juu huko mtu alikuwa akicheka peke yake kwenye mteremko.
Nikachukua chaki, nikaandika chini yake: Kweli.

Niliposhuka jioni, goti limechubuka,
palikuwa na mstari mwingine, umefifia, wa Mabli:
"Leteni chaki. Hii imekwi