Chuma cha Mwaka Hamsini na Saba

Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Pumzi inatoka puani ikiwa unga.
Nakutoa ghalani kwa kukubembeleza,
chuma cha mwaka hamsini na saba,
fremu nyeusi, rangi imebambuka kama gome la mbetula,
usukani nimeufunga vitambaa vya soksi kuukuu
ili viganja visigande juu yako.

Lempi wa ghorofa ya pili anachungulia,
anafuta kioo kwa kiwiko.
Midomo yake naisoma bila kuisikia:
mwendawazimu.
Gari lake limelala tangu juzi, betri imekata roho,
lakini mwendawazimu ni mimi.

Baba alikupanda miaka ishirini na sita
akigawa barua kandokando ya ziwa.
Karia bado ina mchubuko
pale mkanda wa mkoba wa posta ulipokuwa ukikwaruza.
Hakuacha maneno mengi.
Aliacha pampu, bisibisi, na onyo moja:
breki ya mbele usiiguse kwenye barafu,
isipokuwa kama umeyachoka meno yako.

Siigusi.
Nikitaka kusimama narudisha pedali nyuma,
taratibu, kama mtu anayejuta.
Misumari ya tairi inatafuna barafu
kwa sauti ya jino na sukari guru,
na taa ya dinamo inatetemeka mbele yetu,
inafifia nikichoka,
inang'aa nikiona aibu.

Katikati ya daraja la Kajaani, juu ya magofu ya ngome,
upepo unatoka ziwani bila kupiga hodi,
nawe unagoma.
Pedali zinazunguka tupu, gurudumu halina habari.
Grisi imeganda ndani ya kitovu,
nami huku juu natwanga maji kinuni.

Oiva, fundi wa nyuma ya stesheni, alinionya:
"Tia mafuta mepesi, ya cherehani.
Hiyo grisi yako ni ya majira ya joto."
Nikamwambia, kesho.
Kesho ndiyo hii, imenikuta darajani.

Nina kahawa ya moto kwenye chupa.
Nafikiria kuimwaga kwenye kitovu.
Hapana. Hapa maji ya moto hugeuka kufuli
kabla hujamaliza kujipongeza.
Nainywa mwenyewe, nikikutazama,
wewe umeegemea ukingo na kuninunia.

Ndipo anapotokea kijana akikokota baiskeli ya umeme,
kope zimeota sakitu, ndevu zimekuwa kichaka cheupe.
Anaitwa Jalmari. Muuguzi, zamu ya asubuhi.
"Imekufa?" namuuliza.
"Imekufa. Na yako?"
"Imegoma."
Kuna tofauti. Hatuielezi.

Tunakunywa kwa kifuniko kimoja,
kisha tunatembea, kila mtu ameshika pembe za mnyama wake.
Theluji inalia chini ya buti.
Kwa mita mia mbili hatusemi neno,
na hakuna anayeona vibaya.

Mteremko unapoanza nakusukuma kwa mguu mmoja,
kama mtoto, mara moja, mara mbili,
na ndani ya kitovu kitu kidogo kinasema
kt.
Kimeshika.

Ningeweza kwenda zangu.
Saa ya kanisa inaonyesha dakika kumi na mbili,
na mkate wa shayiri hausubiri mwokaji.
Namtazama Jalmari. Naitazama karia.
Iliyobeba magunia ya posta miaka ishirini na sita,
itashindwa na muuguzi mmoja?

Baiskeli yake tunaifunga kwenye nguzo ya taa.
Anapanda nyuma, magoti yamekunjwa kama panzi,
nawe unaguna, spoki moja inalalamika,
kisha unakubali uzito,
uzito unaoufahamu.

Chini ya kilima kuna mwanamke na koleo la theluji.
Napiga kengele. Hailii, inakohoa.
Jalmari anajaribu mbinja, midomo inakataa,
moshi mweupe tu ndio unaotutangulia,
na mwanamke, bila kugeuka,
anatupisha.