Tangi Nalo Hupumua

Olavarría, Januari, saa nane mchana.
Lami ya uwanja inang'ang'ania soli za viatu
na Fiat ya kaka yangu Dardo imezimika tena,
kona ya tatu, mzunguko wa saba,
petroli ikiwa nusu tangi.

Wakaisukuma hadi kivulini, chini ya bati.
Walisema pampu. Walisema plagi.
Wenceslao akasema ni jicho la mtu, akatema mate.
Mimi nikafungua kifuniko taratibu, kidole kwa kidole,
nikasikia: hhhhhp,
kama mtoto aliyebana pumzi kwa kununa
hata akasahau alichonunia.

Mbavu za tangi zilikuwa zimebonyea ndani.
Dardo alikuwa amekiziba kitundu cha hewa kwa utepe mweusi
kwa sababu gari lilinuka petroli
na mkewe amegoma kufua ovaroli.

Sikumtukana.
Nilichukua chupa ya maji, nikanywa bila kubandua mdomo
mpaka plastiki ikajikunja, ikalia kra.
"Umeona? Kinachotoka hudai pengo lake lijazwe.
Na juani, gari likisimama, mvuke nao hutafuta mlango."

"Basi toboa," akasema. "Tundu ni tundu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakuendesha magari ya mashindano.
Hapa ukiziba, injini inakabwa;
ukiacha wazi,

Anselmo Bruzzone alikuwa mzima alipopinduka.
Baba aliniambia hivyo mara moja tu, akifuta spana:
alining'inia kwenye mikanda, kichwa chini,
alizeti zimemzunguka, akapiga hata mluzi
ili wajue yu hai.
Tundu la tangi lake lilikuwa tundu tu.
Lilidondoshea ekzosi tone, halafu tone.
Tangu siku ile Baba alinunua mpira
mrefu kuliko aliohitaji.

Kwa hiyo mita mbili na nusu, Dardo,
na si mpira wa maji, petroli huutafuna.
Nikaupandisha kutoka kilele cha tangi,
nikaupitisha kushoto, nyuma, kulia,
ili gari likilala ubavu wowote
pawe na kipande cha mpira kilicho juu ya petroli.
Kisha vali, nene kama kidole gumba,
ndani yake gololi moja ya chuma.
Gari likisimama wima, gololi imelala, hewa inakwenda na kurudi.
Gari likipinduka, gololi inaangukia pale palipokuwa juu
na kufunga mlango.
Mdomo nikautoa nje, chini, nyuma ya gurudumu,
upande usio na ekzosi,
mbali na pua ya dereva.

Mirna, bintiye, miaka tisa, ndiye aliyenishikia tochi.
"Shangazi, na gololi ikikwama?"
Dardo akacheka. Mimi sikucheka.
Nikaifungua vali, nikampa.
Akapuliza: pumzi ikapita.
Akaipindua, akapuliza tena, mashavu yakavimba,
macho yakamtoka, pumzi haikupita.
"Hivyo," nikasema, "kila Jumamosi. Kazi yako."
Akaitikisa sikioni. Kla. Kla.
Akauliza kama anaweza kulala nayo.
Nikamwambia hapana, inanuka.

Jumapili Dardo alimaliza wa tisa.
Alilalamikia breki, akalalamikia upepo,
akamlalamikia kijana wa Azul aliyemziba kona ya mwisho.
Tangi hakulitaja.

Usiku, wenzangu wakigeuza nyama kwenye makaa
kule mbali, nilikoyaamuru yawashwe,
nilirudi kwenye gari peke yangu.
Nikafungua kifuniko, kidole kwa kidole,
sikio karibu.
Sikusikia kitu.
Nikasikiliza tena.