Msimamo wa Ligi Kuu ya Ndulele

Ndulele ni nchi isiyo na bahari, wala deni.
Ipo ndani ya kauntabuku ya kwaya tatu,
jalada jeusi, mgongo mwekundu.
Iliasisiwa Mchikichini, chumba cha uani,
mwaka kaka yangu Pazi alipovunjika goti
akaambiwa mpira basi.

Timu kumi na mbili. Nataja ninazozikumbuka:
Kiwanda cha Viberiti. Chumvi Rangers.
Magereza B (Magereza A haijawahi kuwapo).
Walimu Wasiolipwa, waliocheza kwa hasira hata mechi za kirafiki.
Na Posta ya Kale, timu yangu,
jezi rangi ya bahasha,
mkiani tangu mvua za vuli.

Dadu moja ya ludo iliamua yote.
Unamrushia mwenyeji, unamrushia mgeni.
Sita ni sufuri, maana Pazi alisema
hakuna mtu Ndulele wa kufunga mabao sita.
Yeye rais wa chama, katibu na mtangazaji.
Mimi refa,
na muokota dadu ikiingia uvunguni.
Mama akipita na ndoo huuliza nani anaongoza.
Alikuwa Magereza damu.

Raundi ya ishirini na moja. Umeme hakuna.
Chumvi wametupa tatu.
Posta, wakitaka sare tu, wakatua kwenye mbili.
Pazi alikuwa amegeuka kupandisha utambi.
Niliigusa. Kwa kidole cha mwisho, hivi,
kama mtu anayemwondoa sisimizi.
Tatu kwa tatu.
Mwanga ukarudi, Pazi akaandika, ulimi nje,
kisha akabana pua akawa redio:
Posta wamenusurika, wapenzi wasikilizaji!
Walimu wanashuka daraja!
Nikashangilia. Nilijisikia nikishangilia.

Wiki ile Msimbazi ukapanda.
Maji hayakubisha hodi,
yaliingia na ndala za watu nisiowajua,
na kuku mmoja, hai, juu ya beseni.
Tulilala mezani. Godoro kichwani kwa Mama,
kauntabuku tumboni kwa Pazi, ndani ya shati.
Kulipokucha wino ulikuwa umetembea:
pointi za Viberiti zimehamia Magereza,
Chumvi wameyeyuka.
Mstari mmoja tu ulisomeka vizuri, ule wa Posta,
tatu kwa tatu,
kama umeandikwa jana.

Raundi ya mwisho haikuchezwa.
Tulipewa kiwanja Mabwepande. Tukakua huko.

Sasa Pazi ana kibanda cha kubeti Tandika.
Mashine inatapika mikeka tangu asubuhi,
wanaume wanaweka kodi ya nyumba
juu ya daraja la pili la Ufini,
miji wasiyoweza kuitamka,
na mimi nikiwatazama husema moyoni:
hata ninyi mna Ndulele yenu.

Jana usiku nikampigia.
Nina shauri la ligi, nikasema.
Ligi ipi?
Kuu.
Nikasikia mashine ikikata karatasi, ikakata tena.
Nikamweleza: utambi, mbili, kidole.

Hakucheka. Akauliza kama kuna shahidi.
Akauliza kama Mama alijua.
Akasema rufaa hupokelewa ndani ya siku saba,
nami nimechelewa kwa mafuriko na harusi mbili
na msiba mmoja.
Refa kafungiwa maisha, akasema, akakata simu.

Robo saa, ujumbe:
Maisha kwa sheria za Ndulele ni misimu miwili.
Umeshatumikia.
Kisha mwingine:
Walimu wanarudishwa. Njoo Jumapili tumalize raundi.
Dadu lete wewe, ila atarusha mwanangu.

Nikampigia tena kuuliza saa ngapi.
Nyuma yake mteja mmoja, sauti ya kukwaruza,
alikuwa anasoma kitu kilichoandikwa ukutani kwa chaki mbichi:
Hawa Walimu Wasiolipwa… wanacheza wapi hawa?
Odi zao ngapi?

Pazi alikuwa anahesabu chenji.
Alihesabu mpaka mwisho.