Mkaguzi wa Tiketi

Trondheim, Novemba. Saa kumi alasiri na giza limeshaingia.
Bwana Torgeir Nesbakk anavua saa, mkanda, na pete
iliyogoma kwenye kifundo mpaka tukaleta sabuni.
Figo zake hazitaki ile dawa ya metali
tuliyozoea kuidunga mshipani ili picha ing'ae.
"Leo hakuna sindano," namwambia.
Ananitazama kama mtu aliyezidishiwa chenji.

Miaka thelathini na mmoja alikagua tiketi
kwenye tramu ya kupanda mlimani,
basi namweleza kwa lugha ya kazi yake:
pale shingoni, wimbi la redio litayapiga muhuri
maji ya damu yako mwenyewe.
Yatapanda. Huko juu kuna ukuta,
mwembamba kuliko utando wa yai, wenye milango inayochagua.
Mimi nakaa kituo cha mwisho, kwenye mshipa mkubwa wa utosini,
nahesabu wenye muhuri waliopita bila kushuka njiani.

"Wengi?"

Wachache. Hata ukuta mzima hupitisha maji.
Wahenga walituonya kuhusu ufa;
hawakusema kwamba ukuta usiopitisha kitu ni kaburi.
Swali ni wachache kiasi gani.

Na wino wa muhuri huo haukai:
sekunde moja, mbili, umefifia.
Ndiyo maana zamani tulirudia na kurudia,
dakika ishirini za ngurumo na "tafadhali usitikisike,"
na watu wakatikisika, picha zikawa uji.
Eirunn, mwanafunzi wa ghorofa ya tatu,
alikesha majira mawili ya baridi akipunguza.
Kumi na moja. Saba.
Sasa ni nne na sekunde kadhaa.
Dakika nne hata mimi naweza kunyamaza.

Mashine inagonga. Miguu yake imetulia,
soksi moja ya kijivu, nyingine ya buluu.

Namba inatokea. Si kazi yangu kuisoma kwa sauti.

"Wamerudi wangapi?" anauliza, akipambana na pete.
Daktari atakuambia Jumatano.
Anafika mlangoni, anageuka, ananinyooshea kiganja:
"Tiketi."

Sikujua kama ni utani.
Nikapapasa mfukoni, nikampa risiti ya maegesho.
Akaisoma pande zote mbili, polepole,
akaitoboa kwa ukucha,
akanirudishia.