Ukuta wa Diski

Dorka Abuya ameleta kompyuta
imefungwa kwa leso, kama mtoto mwenye homa.
"C imejaa," asema, "na D ya marehemu
ina uwanja mtupu. Vunja ukuta, niingie."

Kibanda changu hapa Kondele ni meza na feni,
na stima ya Kisumu ina tabia zake.
Nikamwambia: ukuta huu, mama,
hauvunjwi kwa nyundo.
Ili C inyooshe mguu, sharti D ife kwanza,
na ikifa, haiulizi kilichokuwamo.

Basi tukahamisha. Diski ya nje, waya wa bluu:
mitihani ya darasa la saba, mwaka baada ya mwaka,
hesabu ya mbolea,
kwaya ya Ahero ikikohoa kabla ya kuimba,
na faili moja isiyo na jina.

Nakala si nakala hadi uifungue.
Nikaifungua. Sauti ya mwalimu:
"Dorka, hii mashine inarekodi kweli?"
Kisha kicheko. Kisha kuku.

Hakulia. Alivuta stuli karibu.
Nikatazama betri: themanini na tisa. Chaja imo.
Nikafuta D.
Nafasi ikabaki nyeusi, imepakana na C
kama shamba lililong'olewa minyaa.
Nikabofya "panua".

Mstari ulitambaa. Nje, mtu alinadi omena.
Asilimia mia.

"Sasa nirudishie," akasema,
"lakini usimfiche ndani ya folda.
Mweke pale pale mbele,
nikiwasha tu, nimkute."