Mti Nambari Kumi na Nne

Baridi peke yake haiui.
Hili nimelirudia darasani hadi chaki ikaniota vidoleni:
kinachoua ni baridi na jua kufika pamoja,
mwezi Machi, theluji ingali magotini
na anga limefunguka bluu, bila huruma.

Fikiri jiko linaloletewa kuni,
zinaletwa tu, zinarundikwa mlangoni,
na mpishi mikono imekufa ganzi.
Jani ndivyo lilivyo. Klorofili haijui kukataa:
hupokea kila chembe ya nuru,
na vimeng'enya, kwa baridi ile, haviwezi kupika.
Nuru isiyoliwa hulichoma jiko lenyewe.

Kwa hiyo msonobari hujifunza mapema.
Septemba, siku zinapolika kama sabuni,
kabla hata ya jalidi ya kwanza,
huanza kufunga milango, mmoja mmoja,
hujipaka ndani ya kijani unjano usioonekana kwa jicho,
na nuru inayoingia huitoa tena kama joto,
polepole, bila kumwambia mtu.
Haulali. Wala hauko macho.

Kila asubuhi saa mbili natoka na Isak,
nyuzi kumi na nane chini ya sufuri.
Tunabana sindano za mti kwa kibanio cheusi,
tunazipa giza la nusu saa.
Isak humimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa.
Hatusemi. Kisha mmweko mmoja wa taa,
na kifaa kinatuambia jani limejibu nini.
Kiangazi: sufuri nukta nane tatu.
Leo: nukta mbili moja.
Mgeni angesema msitu mzima unakufa.
Isak huandika kwa penseli, maana wino huganda.

Februari ilituletea wiki moja ya uongo:
matone kwenye paa, ndege wakibishana,
watu wa Lycksele wakila aiskrimu nje ya duka.
Misonobari thelathini na tisa haikushawishika.
Mmoja, nambari kumi na nne, ulifungua.
Nukta nne. Nukta sita.
Nilifurahi, nakiri. Niliupigapiga shina kama shingo ya farasi.
Alhamisi baridi ikarudi, nyuzi ishirini na tano,
na jua juu yake, jeupe.
Baada ya wiki mbili sindano zake zilikuwa rangi ya kutu.
Kwenye safu ya maelezo Isak aliandika neno moja:
Uliamini.

Baba yangu, Halvar, tangu tumzike mama Novemba,
ameteremsha mapazia.
Kila Jumapili nilifika nikayafungua kwa mikono miwili,
vraa! "Mwanga, Baba. Mwanga ni dawa."
Naye alifumba macho, akageukia ukuta,
nami nikadhani ni ukaidi.
Mganga hajigangi:
mimi, mwenye shahada tatu za nuru.

Jumapili hii sikugusa kitu.
Nilivua buti, nikakaa naye gizani,
nikamenya viazi kwa kupapasa.
Saa ya ukutani ikala nusu saa.
Kisha nikavuta pazia upana wa kiganja,
si zaidi. Mstari ukaanguka sakafuni,
ukapanda soksi yake, ukakomea gotini.
Aliutazama. Hakusogeza mguu.

"Ule mti wenu," akasema, "ule uliodanganyika."
"Umeungua, Baba. Ila machipukizi yako hai.
Nilipasua moja. Ndani kijani."
Viazi vikaanza kuchemka.
"Msiukate."
"Hatuukati."

Jumatatu, nyuzi tisa chini ya sufuri,
mti wa kwanza kwenye njia yetu:
nukta mbili nne.
Isak akauliza kama kifaa kina hitilafu.
Akafuta kioo kwa kidole gumba.
Tukabana sindano nyingine,
tukaanza upya kungoja giza.