Dari Hili Halina Nguzo

Seva ilizimwa Alhamisi, saa sita usiku.
Baba alikuwa amekaa tayari tangu saa mbili,
amenyoa ndevu, amevaa shati la Siku ya Mtakatifu Barbara,
kama mtu anayekwenda kumzika mwenzake wa zamu.

Mvua ya Novemba ya Bytom ilipiga bati la banda la njiwa.
Tukashuka mara ya mwisho, yeye na shoka lake,
mimi na mchawi wangu wa barafu.
Hatukupigana. Alimwaga mkoba wake wote uwanjani pa mji,
pete moja moja, ngao moja moja,
kofia ya chuma aliyoiwinda miezi kumi na minne.
Vikalala chini viking'aa, kila kimoja na jina lake la rangi ya machungwa,
na hapakuwa na mtu wa kuokota.
Skrini ikaandika: Muunganisho umepotea.
Baba akasema, "Haya,"
akatoka kuwalisha njiwa, usiku ule ule.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Ginter Kocur aliinama miaka thelathini na mmoja
chini ya mita mia saba za mwamba na makanisa,
akatoka na goti bovu, kifua chenye filimbi,
na saa ya ukutani ya kumuaga, jina lake limekosewa herufi.
Kisha wakaufunga mgodi, wakaujaza mdomo wake zege.
Ndipo nilipomnunulia kompyuta, nikamwambia:
kuna mashimo mengine, Baba, na haya hayana vumbi.

Sasa tunatafuta shimo jipya.

La kwanza lilikuwa na rangi za peremende.
Mifupa inaanguka kabla hujaigusa,
dhahabu inamwagika kama mahindi kutoka gunia lililotoboka.
"Kinachookotwa kila hatua," akasema, "ni changarawe."
Tukalifuta.

La pili lilikuwa zuri, haki ya Mungu lilikuwa zuri,
moshi, mienge, maji yanayotiririka ukutani,
ila kila sanduku lina kufuli
na ufunguo unauzwa kwa kadi ya benki.
Baba hacheki ovyo. Alicheka.
"Hata kampuni haikunitoza nauli ya kushuka."

La tatu alilikagua kwa kutazama juu.
Watu huuliza habari za mazimwi, za panga, za bahati.
Yeye aliisogelea skrini, miwani kwenye paji la uso.
"Trauda. Dari hili halina nguzo."
Ni picha tu, Baba.
"Najua ni picha. Aliyeichora hajawahi kuogopa."

Kwa hiyo usiku, zamu yangu ya famasia,
kati ya dawa ya kikohozi na mlevi anayeomba plasta,
natafuta. Napakua. Nafuta.
Kuna la Wafini, linagandisha kompyuta.
Kuna la bwana mmoja wa Brno, amelitengeneza peke yake,
halina picha hata moja, herufi tupu:
s ndogo ni panya.
S kubwa sijaiona; nasikia ukiiona hukumbuki nyingine.
Taa yako inamulika hatua tatu, mafuta yanaisha,
na ukifa, umekufa.

Nililiweka kwa mzaha.
Jumapili nikamkuta chai imepoa, njiwa wananung'unika,
anatembea gizani, nukta moja nyeupe.
"Sikiliza," akasema.
Hapakuwa na sauti yoyote.
"Ndivyo. Ndivyo kulivyo kule chini, mashine zikizimwa."

Yuko ngazi ya pili. Mali yake yote:
fimbo, nusu mkate, buti moja la kushoto.
Nikamwambia buti hilo halimkingi na kitu,
linajaza mkoba tu, alitupe.

"La kulia limelala mahali," akasema,
akasogea pembeni ya kiti
ili na mimi nione.